"Kombe la kulia" ni la pilau au la upande gani?

SWALI: Napiga picha makombe adimu ya ufuo wa Nyali na kuyaandikia maelezo kwa Kiswahili. Niandike ganda, gamba, kombe au chaza? Na zile nusu mbili, ni sawa kuziita "kombe la kulia" na "kombe la kushoto"?

JIBU: Ganda ni neno pana mno, maana hata yai na ndizi zina maganda. Gamba waachie samaki na nyoka. Neno lako ni kombe, yaani nusu moja ya nyumba ya mnyama mwenye maganda mawili. Udogo wake ndio kikombe cha kahawa. Chaza ni mnyama mwenyewe, hivyo akiwa hai andika "chaza huyu", akishakufa "kombe hili la chaza". Kauri haimo humu kabisa. Hiyo ni jamii ya konokono, ganda lake ni moja na halina bawaba, yaani kile kiungio kinachoshika nusu mbili pamoja.

"Adimu" umelitumia vizuri. Nadra husemea tukio (ni nadra kuliokota likiwa zima), adimu husemea kitu chenyewe.

Penye mtego ni "kombe la kulia". Kombe ni sahani kubwa pia, na Mombasa mtu akisoma hivyo atauliza pilau iko wapi. Andika "kombe la upande wa kulia", na la pili "la upande wa kushoto", zilingane.

Lakini upande utaujuaje, nawe umeokota nusu moja? Lilaze kombe ndani kukiwa kunakutazama, bawaba juu. Tafuta mstari mwembamba unaofuata ukingo wa chini. Kwa wengi wanaojifukia mchangani, mstari huo huingia ndani upande mmoja kama ghuba. Ndipo mnyama anaporudisha mirija yake ya kupitishia maji, na siku zote ni nyuma. Ghuba ikiwa kulia kwako, kombe ni la upande wa kulia. Ikiwa kushoto, ni la kushoto. Chaza wa miambani na mikokoni hana ghuba, ila kwake ni rahisi zaidi: kombe lililogandamana na jiwe ni la kushoto, na kile kifuniko ni la kulia.

Kile kichomozo juu ya bawaba wataalamu hukiita kwa neno la Kilatini, "umbo". Usilikope. Ukiandika "umbo limelika", msomaji ataelewa kombe zima limeharibika sura. Nundu inatosha, ng'ombe hawatanung'unika.

"Urefu" nao una utata, kwa kuwa kwetu mti ni mrefu na kamba ni ndefu. Urefu uwe kutoka mbele hadi nyuma. Kutoka nundu hadi ukingo wa chini andika "kimo". Wengi hukosea hapa, na kipimo kikigeuzwa kombe linaweza kutambuliwa kuwa la aina nyingine.

Kwa picha, kila kombe lipige nje na ndani, kisha meno ya bawaba kwa karibu, kwani aina mbili zinazofanana kwa nje mara nyingi hutofautiana hapo. Lifute likauke, maji hung'aa na kuficha mistari. Kombe jeupe liweke juu ya kitambaa cheusi, mwanga utoke juu kushoto. Rula iinue ifike usawa wa ukingo. Ukiilaza chini, kombe liko karibu zaidi na lenzi na litaonekana kubwa kuliko lilivyo. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, lipige lilipo na uliache papo hapo.

Maelezo yako basi yasomeke hivi: "Kombe la upande wa kulia, ndani. Urefu milimita 34, kimo milimita 27. Nundu imelika kidogo. Nyali, maji yakiwa yametoka."