Mkuu, usikubali kuambiwa "kawaida" wakati tezi dume haipo tena

Mkuu, simama hapo hapo kwanza. Umesema ulitolewa tezi dume kwa saratani miezi kumi iliyopita, PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) ya kwanza ikatoka chini ya 0.03, ya juzi imetoka 0.14, karatasi imeandikwa kawaida, kwa hiyo kipimo kingine utafanya mwakani. Halafu ukauliza habari za mkojo kuvuja na kama skani ni bora kuliko damu. Nimesoma tumbo likanikata. Miaka minne iliyopita maneno hayo hayo yalikuwa kinywani mwangu.

Usingoje mwakani. Rudia kipimo ndani ya wiki chache, maabara ile ile, kisha chukua karatasi zote umpelekee daktari aliyekupasua.

Hiyo safu ya kawaida iliyoandikwa 0 hadi 4.0 kwenye karatasi ya maabara ni ya mwanaume mwenye tezi dume. Wewe huna. PSA ni protini inayotengenezwa na chembe za tezi dume, ziwe nzima au za saratani. Tezi ikishatoka yote, PSA iliyobaki kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku 2 au 3 hivi, ndiyo maana kipimo cha kwanza hufanywa wiki ya 6 hadi ya 8, na kinachotarajiwa hapo ni PSA isiyoonekana kabisa. Sasa kama ilishapotea halafu inarudi, kuna mahali inatengenezwa. Mashine ya maabara haijui kama ulipasuliwa. Inalinganisha namba yako na 4, inaandika kawaida, inakwenda kwa mgonjwa mwingine.

Mimi nilitoka kwenye upasuaji nikiwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Wiki ya saba, haionekani. Mwezi wa tatu, haionekani. Basi nikaona safari za kwenda kwa daktari bingwa wa nini tena, nikahamia zahanati ya karibu. Mwezi wa tisa ikatoka 0.09. Mwezi wa kumi na tano 0.22. Mwezi wa ishirini na moja 0.51. Kila mara daktari wa pale ananipigia simu: "Mzee, iko safi, mwisho ni nne, wewe hata moja hujafika." Namba yenyewe hakunitajia hata mara moja, na mimi sikuuliza. Karatasi nilizikunja nikazitia kwenye bahasha ya kaki bila kuzisoma. Kwa nini nizisome wakati nimeshaambiwa niko safi?

Ilipofika 1.1, mwezi wa ishirini na saba, nilikuwa nimekwenda kwa yule bingwa kwa jambo lingine kabisa. Akaniuliza PSA. Nikamkabidhi bahasha kwa kujiamini. Akazitoa karatasi moja moja, akazinyoosha kwa kiganja, akazipanga mezani kwa tarehe. Hakusema kitu. Akachukua kalamu, akazungushia namba kwenye kila karatasi: 0.09, 0.22, 0.51, 1.1. Juu ya kila duara kulikuwa na neno kawaida na alama ya vema kwa wino wa bluu. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba kitu kilikuwa kinajizidisha mara mbili kila miezi mitano hivi, mwaka mzima na zaidi, na mimi nakipigia makofi.

Skani ikaonyesha saratani kwenye tezi ya limfu ya nyonga. Nikapigwa mionzi, na juu yake sindano za kuzima homoni ya kiume miaka miwili: joto linapanda usiku mpaka shuka linalowa, nguvu zinakwisha, hasira zinakuja bila sababu, mke wangu ananitazama kama mgeni. Nilimuuliza bingwa, kama ningekuja na ile 0.22? Akanijibu kwa upole kwamba hakuna anayeweza kuapa, lakini mionzi ya kuwahi saratani inayorudi hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado ndogo, chini ya 0.5, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo nafasi inavyokuwa nzuri. Mimi nilizipita namba hizo zote nikiwa naambiwa niko safi.

Yule daktari wa simu nimejaribu kumsamehe, sijaweza. Kutokujua si kosa, hakuna anayejua yote. Lakini alikuwa na faili langu lenye maneno "ametolewa tezi dume" ukurasa wa kwanza, na bado akanipima kwa kipimo cha mtu mwenye tezi. Kama hujui, sema hujui, mrudishe mgonjwa kwa aliyempasua. Kumtuliza mtu kwa jambo usilolijua ni kumdhuru.

Kwa hiyo shika hili moja: dai namba, na uilinganishe na namba yako ya nyuma, basi. Usiilinganishe na 4, wala na ya jirani yako. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani unaihesabu saratani kuwa imerudi kwa kipimo cha damu PSA ikifika 0.2 au zaidi na kipimo cha pili kikathibitisha. Wewe uko 0.14, hujafika hapo, na simaanishi kukutisha. Kuna watu inakaa chini hapo bila kupanda, pengine kwa sababu kipande kidogo cha tezi nzima kilibaki. Lakini huwezi kujua uko kundi gani bila kuona mwendo wake, na mwendo hauonekani kwa kipimo kimoja kwa mwaka. Wengi hupimwa kila miezi 3 hadi 6 miaka ya mwanzo, baadaye mara moja kwa mwaka, na huwa hawaachi, maana saratani hii inaweza kurudi baada ya miaka mingi. Nasema maabara ile ile kwa sababu mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu ile ile, na kwenye namba ndogo kama zako tofauti hiyo inaweza kukupoteza kabisa.

Skani usiitangulize. Hata ile ya PSMA PET, skani ya kusaka chembe za saratani ya tezi dume mwilini, ambayo ni kali, PSA ikiwa ndogo mara nyingi haioni kitu, na kutoona kitu si ushahidi kwamba hakuna kitu. Damu ndiyo inayotangulia kusema.

Kingine, tafuta ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara iliyochunguza tezi uliyotolewa. Angalia alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani (kubwa ndiyo mbaya), kama kingo za kipande zilikuwa na saratani, kama ilitoka nje ya ganda la tezi au kuingia vifuko vya shahawa. 0.14 kwa mtu mwenye Gleason 6 na kingo safi si sawa na 0.14 kwa mwenye Gleason 9. Na kama unameza dawa ya finasteride kwa ajili ya nywele kunyonyoka, mwambie daktari, hushusha PSA.

Mimi sasa nina daftari dogo, tarehe upande mmoja, namba upande wa pili, maabara chini yake. Nesi akisema "iko vizuri baba", namwambia nitajie namba, naandika mbele yake. La mwisho nimeandika wiki iliyopita: haionekani. Nilikaa kwenye benchi la nje dakika kumi nzima nikiitazama.

Kapime, mkuu. Ukipata majibu rudi hapa utuandikie namba, siyo neno.