Chaki si moramu: kwa mnaoanza kuendesha baiskeli kwenye vilima vya kusini mwa Uingereza

Kila Oktoba mvua zikichanganya, mambo ni yale yale. Wageni wanashuka treni pale Amberley, matairi yamejazwa upepo mpaka ni magumu kama mbao, chupa ya maji moja, na simu iliyochora njia katikati ya shamba la mtu. Saa mbili baadaye wako kando ya njia, baiskeli miguu juu. Wadogo zangu, tunafurahi mmekuja. Lakini makosa haya yamezeeka, na mengine yanawaharibia siku nzima bila sababu.

Wengi wenu mmejifunzia kwenye moramu, nanyi mnadhani vilima vya South Downs na Chilterns ni moramu nyeupe. Sivyo. Chaki ni mwamba laini. Ikikauka inabeba baiskeli vizuri kama saruji, ikilowa inatoa utando unaoteleza kama sabuni. Na ndani yake mna gumegume, mawe ambayo yakivunjika kingo zake hukata kama chupa.

1. Upepo. Hapa nitakaa, maana ndipo pancha nyingi zinapoanzia, na hakuna hata mmoja kati yetu tuliotangulia aliyeliepuka kosa hili.

Linaanza hivi. Gumegume limechana ubavu wa tairi, mtu ameogopa, safari inayofuata anajaza psi 60 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) ili tairi "liwe imara". Anafanya kinyume cha dawa. Tairi lenye upepo wa kadiri hubonyea na kulikumbatia jiwe, likalipita. Lililojaa kupita kiasi halibonyei, kwa hiyo uzito wote unakaa kwenye ukingo mmoja wa jiwe, na ukingo ule ni kisu. Juu ya hayo linadunda kwenye mizizi na kukosa mshiko kwenye chaki mbichi. Mwendeshaji wa kilo 75 mwenye matairi ya milimita 45 ya tyubulesi, yaani yasiyo na tyubu ndani, aanzie psi 28 mbele na 31 nyuma. Ukisikia ringi inagonga jiwe, ongeza mbili. Usiongeze kumi.

Sehemu ya pili ya kosa ndiyo chungu zaidi. Tairi limechanika, dawa ya pancha, ule ute wa ndani unaoziba matundu, inaruka kila upande, na mtu anaendelea kukanyaga akitumaini itaziba yenyewe. Inamwagika hadi tone la mwisho. Ndipo anasimama, anachomeka utambi mmoja, kamba ya mpira ya kuzibia tundu, kwenye mpasuko unaohitaji miwili, anapampu, unatoka. Anakata tamaa, anatia tyubu haraka haraka, anapanda. Dakika tano, pancha. Tyubu ya pili, dakika tano, pancha tena. Kisha ni kutembea na kusukuma, giza linaingia, miguu imelowa.

Tyubu zile hazikuwa mbovu. Tairi la tyubulesi linakusanya miiba kwa miezi bila wewe kujua, kwa sababu dawa inaziba kila tundu kimyakimya. Kuanzia mwisho wa kiangazi wakulima hukata nyua za miti ya miiba, na vipande hubaki njiani. Ukiweka tyubu juu ya miiba ile, umeiweka juu ya sindano.

Kwa hiyo, upepo ukitoka, simama papo hapo. Geuza gurudumu tundu liwe chini ili dawa iende pale. Ikikataa, chomeka utambi, mkia wake uache nje, ongeza upepo. Mpasuko ukizidi milimita 6 hivi, usipoteze utambi wako. Toa tairi upande mmoja, ondoa valvu, mwaga dawa iliyobaki kwenye mfuko, usiimwage malishoni. Pitisha kitambaa ndani ya tairi zima, polepole, mizunguko miwili. Kitambaa kikinasa, pana mwiba, na hung'olewa kwa koleo dogo. Halafu weka kipande cha tairi kuukuu, sentimita 3 kwa 5, juu ya mpasuko. Tyubu uitie upepo kidogo kabla ya kuiingiza, isijikunje. Fika psi 15, tazama kama kipande kimetulia au kinatokeza nje kama uvimbe, ndipo umalizie hadi 40, kwa sababu tyubu yenye upepo mdogo hubanwa na ringi.

Kipande hicho cha tairi hakina uzito. Kibebeni. Na dawa ndani ya tairi iwe mililita 60 kwa gurudumu, ikaguliwe kila miezi mitatu, maana hukauka.

2. Chaki mbichi. Usijaribu kutoka kwenye mfereji wa magurudumu kwa kukata mshazari. Gurudumu la mbele litateleza kando ya ukingo nawe utalala. Punguza mwendo, subiri mahali ukingo ulipo chini, toka kwa pembe iliyo karibu na mraba. Kwenye mlima kaa kitini. Ukisimama, gurudumu la nyuma linazunguka bure.

Watu huuliza kwa nini Chilterns inakuwa tope tupu wakati mgongo wa South Downs umeshakauka. Juu ya chaki ya Chilterns kuna tabaka la mfinyanzi uliochanganyika na gumegume, na juu yake msitu unaozuia jua na upepo. Majani yakianguka yanaficha mizizi na mawe pamoja. Wiki ya mvua nendeni South Downs, mwachie Chilterns miezi mikavu. Tope lile likinasa kati ya tairi na fremu linasaga rangi kama msasa, hivyo acheni nafasi ya milimita 6 kila upande, hata kama tairi pana zaidi linaingia.

3. Maji. Chaki inayameza. Mgongoni hakuna kijito, na chemchemi hutokea chini ya mteremko mkali, ndiyo maana vijiji vimejipanga kule. Kushuka hadi kijiji cha Fulking kujaza chupa ni kupanda tena mlima mzima. Bebeni lita mbili, na mjue mabomba ya njiani, kama la Saddlescombe.

4. Njia. Mshale wa buluu ni njia ya farasi, mnaruhusiwa. Wa njano ni wa waenda kwa miguu, hamruhusiwi, hata kama simu inasema pita. Sheria ya mwaka 1968 iliyotufungulia njia za farasi inatutaka tuwapishe wapanda farasi na waenda kwa miguu, na si hisani. Ukimkuta farasi kwa nyuma, usipige kengele. Sema, "Hujambo, niko nyuma yako," kwa sauti ya kawaida, ungoje ujibiwe. Farasi akisikia sauti ya mtu hutulia. Mkifika Alfriston mkielekea Eastbourne, South Downs Way, njia ndefu ya mgongoni, inagawanyika. Tawi la Seven Sisters ni la miguu. La baiskeli linapanda Windover Hill kwenda Jevington, na kila mwaka kuna anayefuata bahari.

5. Breki. Pedi laini zinaweza kuisha kwa siku moja ya mvua. Fungeni za metali, na jozi moja iwe mfukoni.

6. Osheni baiskeli siku hiyo hiyo, kwa maji ya kumwagia. Chaki ikikauka kwenye cheni inaganda, na maji ya mashine yanaisukuma ndani ya beringi.

7. Kilomita 160 za South Downs Way, kutoka Winchester hadi Eastbourne, si za siku moja kwa anayeanza. Gaweni. Amberley na Southease zote zina stesheni karibu na njia, na Desemba jua linazama kama saa 10 alasiri. Kabla hamjaondoka, amueni ni stesheni ipi mtakayoishia ikifika saa 8 na bado mko juu mgongoni.