Nilitia sahihi kama shahidi wa kiwanja changu mwenyewe

Juma lililopita msomaji mmoja, mama wa watoto wawili, aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Mume wangu amepata kiwanja cha shilingi 6,000,000, na mimi nimetoa 2,400,000 za kikoba. Jumamosi wanaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikisema jina langu nalo liingie, ataona simwamini. Nifanyeje?" Nilikuwa nimeshika mwiko jikoni. Nilizima jiko, nikakaa, nikausoma ujumbe wake tena, kwa sababu swali hilo ndilo nililoshindwa kuliuliza mimi mwenyewe mwaka 2011.

Wakati huo nilikuwa nauza chapati na maharage karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kukanda unga, na kila Ijumaa napeleka hisa zangu kwenye kikoba, hata juma ambalo mauzo yalikuwa mabaya. Desemba tulipovunja kikoba nilitoka na shilingi 1,800,000. Nilizifunga kwenye ncha ya kanga, nikaenda nazo nyumbani, nikamkabidhi mume wangu zote bila kubakiza hata nauli, naye akaongeza 1,700,000 za kwake, tukanunua kiwanja pembezoni mwa mji.

Siku ya kuandikishana naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Tulikaa kwenye benchi, wanaume wanne na mimi. Karatasi ya mauziano ilikuwa imekwisha kuchapwa, ikiwa na nafasi zilizoachwa wazi za kujazwa kwa kalamu: muuzaji, mnunuzi, ukubwa wa eneo, majirani wa pande nne, bei. Kwenye nafasi ya mnunuzi liliandikwa jina la mume wangu. Fedha zilipohesabiwa mezani niliziona noti zangu, nyingine bado zina harufu ya mafuta ya kupikia. Kisha mwenyekiti aliinua macho, akasema, "Na mama naye aweke sahihi, awe shahidi wa mnunuzi." Nilisogea mbele, nikaandika majina yangu matatu kwa mwandiko mzuri kabisa, na moyoni nilijiona nimeheshimiwa.

Miaka ya ujenzi naipita, kwa kuwa kila aliyejenga kidogo kidogo anaijua. Ndoa ilipovunjika mwaka 2019, ndugu wa mume wangu walikuja na ile karatasi. Shemeji yangu aliweka kidole juu ya sahihi yangu, akaniambia, "Soma mwenyewe. Mnunuzi ni kaka. Wewe ulikuwa shahidi." Nimesamehe mengi katika maisha yangu, lakini kidole kile bado nakiona.

Tulipita kwenye baraza la usuluhishi, likashindwa kutupatanisha, tukaenda Mahakama ya Mwanzo. Huko ndiko nilikojifunza kwamba kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambazo wanandoa wamezichuma kwa juhudi zao za pamoja, hata kama karatasi ina jina moja. Nilijifunza pia kuhusu kesi ya Bi Hawa Mohamed, ambayo Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali. Bi Hawa mwenyewe alishindwa katika rufaa ile, na jambo hilo huniuma kila ninapolitaja, lakini mlango alioufungua ndio tuliopitia sisi wengine.

Hata hivyo, mchango huthibitishwa. Kilichoniokoa ni kijitabu changu cha hisa, chenye mihuri ya kila Ijumaa na kiasi nilichochukua Desemba, pamoja na mweka hazina wetu, aliyefunga genge lake siku mbili ili aje kunitolea ushahidi. Nilikuwa pia na risiti moja ya mifuko 12 ya saruji yenye jina langu. Risiti nyingine zote niliandikisha jina la mume wangu kwa hiari yangu, nikidhani huko ndiko kumtii. Nilipata sehemu yangu baada ya karibu miaka miwili, wakati ambapo kulitaja jina langu mahali pa mnunuzi kungechukua dakika moja.

Mwezi uliopita nilipokea hati ya kiwanja nilichonunua mwenyewe. Karani aliniuliza jina la mume, nikamjibu kwamba mmiliki ni mimi. Binti yangu aliyasoma majina yangu matatu kwa sauti, nikamwomba ayasome tena. Sioni haya kusema kwamba nililia.

Kwa hiyo, dada zangu, nawaambia kwa uchungu wa mtu aliyelipia somo hili: jina lako liandikwe. Usiseme kwamba mtaliongeza baadaye. Ukitoa fedha, jina liandikwe. Ukinunua saruji, risiti iwe na jina lako. Ukituma fedha kwa simu, tunza ujumbe wake. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Anayekuambia kwamba mila hairuhusu, mkumbushe kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, ilimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, wakati jamaa wa ukoo walidai kwamba mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo.

Najua kinachowazuia, kwa sababu ndicho kilichonizuia mimi. Tumelelewa tuamini kwamba mke mwema haulizi habari za karatasi. Nami niliogopa kuitwa mjuaji, nikaogopa wifi zangu watasema nini, mpaka nikakubali kudhulumiwa kimyakimya huku nikisifiwa upole. Leo naitwa mjuaji na nimelipokea jina hilo, kwa kuwa mwanamke ninayemwona kwenye kioo nampenda kuliko yule mpole wa mwaka 2011. Mume anayekupenda hapotezi chochote jina lako likikaa kando ya lake. Akikasirika kwa sababu ya jina peke yake, basi ni heri umjue hivyo kabla fedha hazijatoka mkononi mwako.

Mdogo wangu uliyeniandikia, zungumza naye leo usiku, watoto wakishalala, kwa upole na bila kumtuhumu. Mwambie unataka mnunue wote wawili na karatasi iseme hivyo. Jumamosi nenda naye, beba kitambulisho chako cha Taifa na kijitabu cha kikoba, na ile 2,400,000 uihesabu wewe kwa mkono wako. Karatasi isomwe kwa sauti kabla hujaigusa kalamu. Wakikuelekeza sehemu ya mashahidi, waombe waandike upya. Jioni niandikie unieleze ilivyokuwa.