Kauntabuku moja kwa kila kata

Swali la wiki hii lilikuwa: “Nini kifanyike ili historia ya mahali petu ifundishwe ipasavyo shuleni na ifahamike kwa wananchi?” Nabashiri wengi watajibu kwamba tunahitaji makumbusho zaidi, vitabu zaidi na fedha zaidi. Sina ugomvi na hayo. Ila mimi nafundisha Historia katika sekondari ya kata mkoani Ruvuma, mkoa ambao tayari una makumbusho, mnara na siku yake ya kumbukumbu kila mwaka. Na bado ninao wanafunzi wanaoutaja Mkutano wa Berlin wa 1884 bila kupepesa macho, lakini hawajui kijiji chao kilihamishwa kutoka wapi.

Ninaloomba ni jambo moja. Mwanafunzi aikusanye mwenyewe historia ya kata yake, aiandike, apewe alama kwa kazi hiyo, na maandishi yabaki shuleni.

Kazi ya namna hii imeshafanyika hapa nchini, na iliwezekana. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda makwao wakati wa likizo kuwahoji wazee walioviona Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 au waliosimuliwa na walioviona. Ni mradi unaoambatana na majina ya John Iliffe na Gilbert Gwassa. Kabla yake, habari nyingi zilizoandikwa juu ya vita hivyo zilitoka kwa maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Mengi tunayofundisha leo kuhusu mganga Kinjeketile Ngwale kule Ngarambe, jinsi maji yake ya dawa yalivyosambazwa kutoka ukoo mmoja hadi mwingine, na kwa nini watu wa Nandete waling’oa pamba Julai 1905, yamesimama juu ya masimulizi ya wazee kama wale. Waliohoji walikuwa vijana wenye kalamu, daftari na lugha ya nyumbani.

Wazee hao hawapo tena, na kazi ile ingechelewa miaka kumi tu, wengi wao wasingekuwepo. Lakini katika shule zote nilizofundisha sijawahi kukuta rafuni nakala hata moja ya masimulizi yale. Yalichukuliwa vijijini yakaenda chuoni, na kwa watoto wa vijiji hivyo ni kama hayakuandikwa. Ndiyo maana nasisitiza maandishi yabaki shuleni. Kauntabuku moja nene, iliyofunikwa karatasi ya kaki na kufungiwa kabatini kwa mkuu wa shule, na nakala nyingine ofisi ya mtendaji wa kata, inatosha kwa kuanzia. Kompyuta ikija, itayakuta yameshaandikwa.

Chukueni mfano wa Songea. Kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Machifu huja na mavazi yao, ngoma ya lizombe huchezwa, viongozi huhutubia. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye Makumbusho ya Majimaji, akakutana na wazao wa Songea Mbano, nduna (kiongozi wa Wangoni chini ya chifu) aliyenyongwa na Wajerumani, na kuomba msamaha. Habari ilikwenda dunia nzima. Kwa upande wa kumbukumbu ya umma, basi, tumejaliwa kuliko mikoa mingi. Ila mwanafunzi anahudhuria yote haya akiwa mtazamaji. Anapangwa mstari, anaimba, anapigwa jua, anarudi nyumbani. Makumbusho anayafikia ikiwa mzazi amepata mchango wa ziara, na akifika anatembezwa haraka haraka kwa sababu basi linasubiri. Kwa nini mwaka huu wasipewe dakika 15 wanafunzi wawili wa kidato cha pili wasome mbele ya wageni rasmi walichosimuliwa na bibi zao juu ya njaa iliyofuata vita? Wajerumani walichoma mazao na maghala, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Jambo hilo linakaa kwenye koo na familia kuliko linavyokaa kwenye mnara.

Halafu kuna Mkomanile. Huyu alikuwa nduna mwanamke wa upande wa Kitanda, Namtumbo ya leo. Ni kupitia kwake maji yaliyoletwa na Omari Kinjala yaliingia Ungoni, na alinyongwa mwaka 1906, mwanamke pekee kati ya wale mashujaa. Nikimtaja darasani wasichana huinua vichwa. Swali linalofuata siku zote ni moja: “Mbona, mwalimu, hayumo kwenye notisi?” Hayumo kwa sababu notisi zetu nyingi zimetoka kwenye notisi nyingine, na hizo nazo zimetoka kwenye maswali ya mitihani iliyopita.

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Shule zetu hufundisha kinachoulizwa kwenye mtihani wa taifa. Unaweza kuandika muhtasari mzuri namna gani, ukaujaza maneno “mazingira ya mwanafunzi” na “kujifunza kwa vitendo”, lakini Septemba ikifika kila mwalimu anafungua bahasha ya maswali ya nyuma. Kazi ya historia ya kata isipohesabiwa katika alama za maendeleo, itafanywa mara moja na mwalimu mwenye ari, akihamishwa nayo inakufa. Mikutano na semina hazitabadilisha hilo. Alama zitalibadilisha.

Kwa bahati, mlango umefunguka kidogo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari. Msomaji aliye nje ya shule anaweza asione uzito wake. Kabla ya hapo mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa anamsikiliza babu yake kwa Kingoni, anajiandikia kwa Kiswahili, kisha anatakiwa kumweleza mwalimu kwa Kiingereza asichokijua. Mambo yalikuwa yanaishia njiani. Sasa ushahidi na mtihani vinaweza kuzungumza lugha moja. Wasiwasi wangu ni kwamba somo hili nalo litageuka orodha ya majina ya viongozi na fadhila zao za kukariri. Dalili zipo.

Najua pingamizi moja litakalokuja, na si la kupuuzwa: historia ya mahali si itarudisha ukabila? Tumelelewa tukiogopa hilo, na kwa sababu nzuri. Lakini angalieni Ungoni kwenyewe. Wangoni walifika huku karne ya 19 wakitokea kusini mwa Afrika, wakawatawala Wandendeuli na wengine waliowakuta. Ilipofika 1905, wengine walikunywa maji wakitaka kumwondoa Mjerumani, na wengine wakiwa na hesabu zao na watawala wa karibu zaidi. Kitabu cha shule hupenda kuvifanya vita hivyo kuwa umoja mtupu. Wazee hawasimulii hivyo. Mtoto wa Kindendeuli na mtoto wa Kingoni wakileta masimulizi mawili yasiyolingana kwenye dawati moja, mimi nayapokea yote, tunayaandika ukurasa wa kushoto na wa kulia, kisha tunaulizana kila msimulizi alikuwa amesimama wapi. Nijuavyo mimi, hakujawahi kuzuka ugomvi. Kunazuka zogo zuri la darasani, ambalo Mkutano wa Berlin haujawahi kulizua.

Tena historia yetu haikuishia 1906. Mto Ruvuma uko hapo, na ng’ambo yake kulikuwa na vita vya ukombozi wa Msumbiji. Kuna familia hapa ziliwapokea wakimbizi na nyingine ndizo zilizokimbia. Wapo waliokwenda vita vya Kagera 1978 wakarudi, na wapo ambao hawakurudi. Na kuna Litowa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya Azimio la Arusha, vijana walianzisha kijiji cha ujamaa pale bila kusukumwa na mtu, wakalima pamoja, wakawa na shule yao, na vijiji vingine vikajiunga nao katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwalimu Nyerere alikisifu na kukitembelea. Septemba 1969 TANU yenyewe, chama tawala, ikakivunja chama hicho cha vijiji. Nchi nyingine ingekuwa na sura nzima ya kitabu juu ya Litowa. Sisi tunafundisha ujamaa kwa faida zake tano na hasara zake tano.

Niseme kidogo jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, maana hapa ndipo wengi hukwama. Ukimtuma mtoto kwa bibi na swali “historia ya kijiji chetu ni ipi?”, atarudi na sentensi mbili. Bibi atamwambia yeye hakusoma, aende kwa mwenyekiti. Swali linalofaa ni dogo na lina mahali: “Shikamoo bibi. Kabla ya Operesheni Vijiji nyumba yenu ilikuwa wapi? Nani alikuja kuwaambia mhame? Mlibeba nini, mkaacha nini?” Msichana mmoja aliuliza hivyo, akarudi na mchoro wa kijiji cha zamani wenye mwembe, kisima na makaburi matatu, pamoja na kadi ya TANU ya babu yake iliyokuwa imefungwa kwenye kitenge sandukuni. Kadi tuliichora na kunakili maandishi yake, kisha akairudisha siku hiyo hiyo. Huo ni mwiko wetu: kitu cha watu hakilali shuleni. Mwingine ni kwamba mzee akisema “hili usiandike”, haliandikwi.

Kwa makumbusho yetu nina ombi dogo. Yakubali kutunza nakala za kauntabuku hizi, na ofisa wake aje shuleni mara moja kwa muhula badala ya kusubiri basi letu. Nauli ya mtu mmoja ni rahisi kuliko ya wanafunzi 60. Afisa utamaduni wa wilaya naye angepata kazi nyingine zaidi ya kuratibu ngoma za wageni.

Kwa Litowa hatutangoji waraka. Waliokuwa watoto wa shule pale mwaka 1965 sasa wamepita miaka 65, na baadhi yao bado wanalima. Mkuu wa shule amekubali, mratibu elimu wa kata anaisoma barua yetu, na orodha ya maswali imeshaandikwa. Mratibu akiruhusu, kidato cha pili wanaanza muhula ujao.

Mwalimu wa Historia, Ruvuma