The Gambler ya Kenny Rogers: ni wimbo mmoja na vijazo, au albamu kamili?

Mkuu mwenye uzi umeuliza kama The Gambler, albamu ya mwaka 1978 ya Kenny Rogers, mwimbaji wa country wa Marekani, inafaa kusikilizwa yote, au ni ule wimbo mmoja tu uliobebeshwa nyingine kumi za kujazia santuri. Na jamaa hapo juu kakujibu kwamba kwa Kenny Rogers unachukua mkusanyo wa zile zilizovuma, basi. Nambishia, ingawa si kwa kila wimbo. Mimi ni wa Nakuru, wikendi napiga gitaa na kuimba country kwenye baa, na nyimbo mbili za albamu hii huombwa karibu kila usiku. Nimezifungua hadi nati ya mwisho.

Kwanza tuweke sawa jambo moja: Kenny hakuutunga The Gambler. Uliandikwa mwaka 1976 na Don Schlitz, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akifanya kazi ya usiku kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Nashville. Ukakaa miaka miwili bila kupata wa kuupaisha. Mwimbaji wa country Bobby Bare aliurekodi, haukwenda popote. Schlitz mwenyewe aliurekodi, ukagusa chini ya chati na kupotea. Johnny Cash naye aliuimba mwaka 1978. Yaani wimbo uleule ulishapita kwenye mikono ya watu wazito kabla Kenny na mtayarishaji wake Larry Butler hawajautoa mwishoni mwa mwaka huo.

Sasa kwa nini ni wa Kenny uliokamata? Jibu langu linatoka jukwaani. Msikilize Cash: sauti nzito, inaamrisha, unamsikia Cash mwenyewe. Kenny anajiweka kando. Anakuwa yule abiria kijana kwenye treni ya usiku, amechoka, anamsikiliza mzee mcheza kamari anayempa busara za karata kwa malipo ya tone la wiski na sigara. Alikuwa na miaka 40, ameshapiga besi kwenye bendi ya jazz, ameshapitia bendi ya First Edition, na mwaka 1977 ameshaona wimbo wake Lucille unavyouza kwa sababu tu ni hadithi iliyosimuliwa vizuri. Ile sauti yake yenye mkwaruzo ni ya mtu anayekusimulia jambo mezani.

Halafu kuna ujanja wa mpangilio. Wimbo unaanza karibu mtupu, gitaa na sauti tu, na vyombo vinaongezeka taratibu. Katikati unapanda nusu toni. Ni kidogo sana, mlevi hawezi kukuambia ni nini kimebadilika, lakini ninaposogeza kapo (kile kibano cha shingo ya gitaa) hatua moja naona kabisa watu wanaketi wima. Kiitikio kikija, hata asiyejua neno moja la beti anaimba. Kuna kitu hunichekesha: mzee wa kwenye hadithi anakufa kabla ya ubeti wa mwisho kwisha, na baa nzima bado inaimba kwa shangwe, chupa juu. Sijawahi kumsimamisha mtu nimweleze.

Wimbo huo ulishika namba 1 kwenye chati ya country Marekani na namba 16 kwenye chati kuu ya Billboard, ile ya muziki wa aina zote. Schlitz akapata Grammy ya wimbo bora wa country mwaka 1979, Kenny akapata ya uimbaji mwaka 1980, na mwaka huohuo Butler akatangazwa mtayarishaji bora. Ukazaa hata filamu ya televisheni mwaka 1980, Kenny mwenyewe akiigiza mcheza kamari.

Lakini The Gambler peke yake isingeiuza albamu ile namna ile. Hapa ndipo jamaa wa juu anapokosea. Wimbo uliovuka kabisa hadi kwa wasiosikiliza country ni She Believes in Me, uliotungwa na Steve Gibb (si wa ukoo wa Bee Gees, kabla hamjauliza). Huo ulifika namba 5 kwenye chati kuu. Hauna harufu ya shamba wala farasi. Ni wimbo wa mapenzi wenye vinanda na nyuzi, ambao mtu asiyependa country angeununua bila kujua amenunua country. Santuri moja, wateja wa aina mbili. Ndiyo maana ikafika platinamu mara tano, maana yake nakala milioni 5 Marekani pekee.

Kuuimba ni kazi nyingine. Unaanza chini kabisa, karibu kunong'ona, na kiitikio kinakupandisha mpaka mishipa ya shingo inatoka. Hadithi yake ni ya mwanamuziki anayerudi nyumbani usiku wa manane, mke amelala huku akiamini siku moja nyimbo za mumewe zitafanikiwa. Wanamuziki wenzangu mnajua kwa nini naukwepa mke wangu akiwepo.

Zilizobaki hazilingani. San Francisco Mabel Joy isikilize usiku, peke yako. Mtunzi wake, Mickey Newbury, ndiye aliyewaandikia First Edition ile Just Dropped In iliyovuma 1968, na ukiijua habari hiyo unaelewa Kenny hakumchukua kwa kubahatisha. Making Music for Money ya Alex Harvey inazungumzia kukataa kupiga muziki kwa ajili ya pesa, na ipo ndani ya albamu iliyouza mamilioni; sijui kama kuna aliyecheka studio siku hiyo, mimi nilicheka. Morgana Jones, ambayo Kenny aliitunga mwenyewe, mimi huiruka.

Kwa hiyo isikilize kwa mpangilio wake mara moja, usiruke chochote. Baada ya hapo futa utakazotaka. Na aliyeuliza ile Coward of the County, wimbo mwingine wa Kenny, iko upande gani wa santuri: haipo humu kabisa. Hiyo ni ya albamu yake ya peke yake iliyofuata, iitwayo Kenny, ya mwaka 1979. Watu huzichanganya kwa sababu kaseti nyingi tulizokuwa tukinunua mitaani zilirekodiwa zote pamoja bila kuandikwa majina.