Mdomo uliopinda ukarudi sawa

Dada, umeuliza kama mama, aliyedondosha kikombe cha chai mdomo ukapinda kisha akawa mzima baada ya dakika 10, anaweza kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Asisubiri. Mpeleke leo. Huenda mshipa wa ubongo uliziba ukafunguka, na kiharusi kamili chaweza kufuata hata ndani ya siku 2. Shangazi yangu hapa Jinja alianza hivyohivyo. Tukamkanda kwa maji moto tukisema ni upepo. Kesho yake kijiko kilimshinda.

Hali ikirudi, mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, ataje jina lake kamili. Upande mmoja ukilegea au maneno yakikorogeka, tazama saa papo hapo: daktari atauliza dalili zilianza lini, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa kabla ya muda wa saa 4 na nusu kupita tangu zianze. Msimpe chai, atapaliwa. Wala aspirini, kwani kama mshipa umepasuka damu itazidi kuvuja. Bodaboda nayo hapana, mkono uliolegea haushiki. Tafuteni gari, alale ubavu, na mpige simu kujua hospitali ipi ina CT, mashine ya kupiga picha ya ubongo, inayofanya kazi. Vidonge vyake vya presha mvibebe.