Jibu: Chenso ya cc 72 inakosa nguvu Manyoni, je, nitoboe eksozi?

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una chenso (msumeno wa injini) ya cc 72 uliyoinunua Dar es Salaam ikiwa imetumika, unakatia na kupasulia magogo huko Manyoni, inakosa nguvu gogo likinenepa, na sasa unataka kutoboa eksozi, kuondoa gasketi ya chini ya silinda na kupanua matundu ya silinda yanayopitisha hewa na moshi, kama ulivyoona kwenye video. Mimi ni fundi wa injini ndogo hapa Kizota, Dodoma, mwaka wa kumi na moja sasa, na kabla ya hapo nilikuwa mkataji. Hayo yote matatu nimeyafanya kwa mikono yangu, lakini kilichoniulia pistoni na silinda hakikuwa hata kimojawapo. Kilikuwa bisibisi, kama nitakavyoeleza.

Kabla hujashika drili, fikiria mahali ulipo. Dodoma mjini iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Manyoni, ukishapanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Bahi, iko juu zaidi. Kwa kimo cha Dodoma, mgandamizo wa hewa umepungua kwa takribani asilimia 12 ukilinganisha na pwani, maana yake kila pistoni inapovuta, hewa inayoingia ni pungufu kwa kiasi hicho. Sehemu ya nguvu uliyoipoteza imepotelea hapo na hakuna fundi atakayekurudishia yote. Lakini kuna hasara ya pili ambayo inatibika: kabureta iliyosetiwa Dar haijui kwamba imehamia juu, inaendelea kutoa petroli karibu ile ile wakati hewa imepungua, na matokeo yake injini inazidiwa na mafuta. Inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi yenye masizi, na katikati ya gogo inagugumia badala ya kuvuta. Dalili ulizoziandika ni hizo hizo. Chenso za siku hizi zenye kabureta ya kielektroniki, kama zile za Stihl zinazoitwa M-Tronic na za Husqvarna zinazoitwa AutoTune, hujirekebisha zenyewe. Yako, kwa maelezo yako, ina skrubu tatu za kawaida.

Skrubu yenye herufi L ni ya mafuta ya mwendo mdogo, H ni ya mwendo mkubwa, na ile ya tatu, iliyoandikwa T au LA, ni ya sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa hujabonyeza mafuta. Safisha chujio la hewa kwanza, funga cheni iliyonolewa, washa injini na uikatie kuni dakika chache ipate moto, kwa sababu kuseti kabureta ya injini baridi ni kujidanganya. Anza na L: izungushe polepole hadi upate mahali ambapo sailensa iko juu kabisa, kisha ifungue kidogo mpaka injini iitikie mara moja unapobonyeza mafuta bila kusitasita. Halafu rekebisha sailensa hadi cheni isimame kabisa. Cheni inayotembea wakati hujabonyeza mafuta ni hatari.

H ndiyo inayotaka sikio. Bonyeza mafuta yote kwa sekunde chache bila kukata kitu. Sauti unayoitafuta si ile kali, nyembamba, inayopiga mluzi. Unatafuta sauti iliyokatikakatika kidogo, kama injini inajikwaa. Kisha iingize kwenye gogo: sauti ile ya kujikwaa inapaswa kupotea na injini ivute ikiwa safi. Ikijikwaa hata ndani ya gogo, mafuta ni mengi, funga H kwa hatua ndogo, moja ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja. Ikipiga mluzi safi bila kukata kitu, mafuta ni machache, ifungue haraka, kwa kuwa katika injini hii petroli ndiyo inayobeba oili na ndiyo inayoipoza. Wengi wanaosifu sauti kali kwenye video wanasifu injini inayokufa. Ukiweza, nunua kipimamizunguko kile kidogo ambacho waya wake unaviringishwa kwenye waya wa plagi. Chenso nyingi za ukubwa huu zina kikomo kati ya mizunguko 12,000 na 13,500 kwa dakika, na kijitabu cha modeli yako kitakupa namba kamili.

Sasa nikueleze la bisibisi. Niliiseti chenso yangu hapa Dodoma ikawa tamu kabisa, nikachukua kazi ya kupasua mbao upande wa Ifakara, ambako ni bondeni, chini ya mita 300. Sikugusa kabureta. Hewa nzito ya kule ikaingia ndani ya injini iliyosetiwa kwa hewa nyepesi ya huku, mafuta yakawa machache, nami nikafurahia sauti kali kwa siku mbili nzima nikidhani mashine imezoea kazi. Siku ya tatu, katikati ya gogo, sauti ilipanda ghafla kana kwamba mtu ameongeza mafuta, kisha ikakata. Nilipovuta kamba ilikuja laini mno mkononi, bila ule uzito wa kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda. Nikafungua eksozi, nikamulika tochi kwenye tundu la silinda: pistoni ilikuwa na michirizi ya wima kama mtu aliyeikwangua kwa msumari, na ringi ya pistoni imezama kwenye mfereji wake, imeshikwa na alumini iliyoyeyuka. Kosa lilikuwa langu, halikuwa la mashine wala la petroli. Tangu siku hiyo, nikishuka bondeni nafungua H kabla ya kuwasha, na nikipanda kwenye misonobari ya Sao Hill, ambako ni juu kuliko hapa, naifunga kidogo nikiwa nasikiliza.

Vumbi nalo, ndugu yangu, linaua chenso nyingi za kanda hii kuliko kasoro yoyote ya kiwandani. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa huku unabeba mchanga laini kiasi kwamba hata gome la mgunga limejaa mchanga ndani ya nyufa zake. Mchanga huo ukipita kwenye chujio na kukutana na oili, unakuwa msasa unaosugua pistoni upande wa kuingizia hewa. Pistoni iliyokufa kwa vumbi naitambua kwa rangi: ile mistari ya asili ya kiwandani imefutika, imebaki ngozi ya kijivu isiyong'aa. Dawa yake ni rahisi. Nakata soksi ndefu ya nailoni ya akina mama, navisha chujio, na kila ninapojaza petroli naitoa na kuipiga pajani. Utashangaa vumbi linalodondoka. Kwenye ukingo ambapo chujio linakaa napaka grisi nyembamba ili vumbi linalotaka kupenya pembeni linate hapo. Chujio lenyewe linaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni na kukaushwa kivulini. Usilipulize kwa kompresa kutokea nje, maana unalisukuma vumbi ndani ya matundu yake.

Ukishamaliza hayo, na bado una hamu, basi eksozi ndiyo rekebisho pekee ninaloliunga mkono kwa mashine ya kazi ya kila siku. Eksozi za kiwandani zimebanwa kwa ajili ya kelele na kwa ajili ya sheria za moshi za Marekani na Ulaya, hivyo injini inapumua kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kanuni tunayoifuata ni kwamba jumla ya milango ya kutokea moshi isizidi kama asilimia 75 hadi 80 ya eneo la tundu la moshi la silinda. Pima kwa venia, kile kipimio cha milimita. Tuseme tundu lako lina upana wa milimita 24 na kimo cha milimita 16, eneo lake ni kama milimita za mraba 384, na asilimia 75 yake ni 288. Kama eksozi ina mlango mmoja wa duara wa milimita 14, huo una eneo la karibu 154, kwa hiyo mlango wa pili wa milimita 13 unakufikisha hapo. Kuzidisha hakuongezi kitu zaidi ya kelele na kiu ya petroli.

Eksozi itolewe kabisa kwenye injini kabla ya kutobolewa, na chembe za chuma zisafishwe hadi ukiitikisa husikii kitu. Mlango mpya uelekee mbali na tangi, mbali na plastiki na mbali na mkono. Ule wavu wa kuzuia cheche usiutupe, na mlango mpya uuwekee wavu wake. Mwezi wa tisa nyasi za Manyoni zinangoja cheche moja tu, na moto ukishaingia vichakani huko Itigi hutauzima kwa dumu la maji ya kunywa. Baada ya hapo injini itavuta hewa zaidi, kwa hiyo H lazima ifunguliwe, mara nyingi kati ya moja ya nane na robo ya mzunguko, na useti upya kama nilivyoeleza juu. Anayetoboa eksozi na kuiacha kabureta ilivyo amejitengenezea Ifakara yake nyumbani. Masikio nayo yazibwe. Hata kabla ya kutobolewa mashine hii inapita desibeli 100.

Gasketi ya chini ya silinda ni habari nyingine. Ukiiondoa, silinda inashuka, kompresheni inapanda, na nguvu ya mwendo wa chini inaongezeka kweli. Lakini lazima ujue nafasi iliyobaki kati ya kichwa cha pistoni na paa la silinda. Chukua waya wa risasi wa kulehemu, ule wanaotumia mafundi redio, uingize kupitia tundu la plagi hadi uguse ukuta wa silinda, zungusha injini kwa mkono, kisha upime ulivyobanwa. Mimi sishuki chini ya milimita 0.5. Kama umepata 0.9 na gasketi ina unene wa 0.5, ukiitoa unabaki na 0.4, na injini ikipata moto na kasi, pistoni inaweza kugonga paa. Hata vipimo vikikubali, kamba itakuwa nzito na inaweza kurudisha mkono kwa nguvu, na kwa petroli ya chupa za barabarani, ambayo huwezi kujua imechanganywa na mafuta ya taa kiasi gani, kompresheni kubwa ni kuualika mlipuko wa kabla ya wakati unaotoboa pistoni. Niliifanya kwenye chenso yangu mwenyewe. Za wateja wanaoajiri wakataji nakataa. Kupanua matundu ya silinda sikushauri kabisa: ngozi ngumu ya ndani ya silinda ikibanduka kidogo tu, au tundu likipanuka hadi ncha ya ringi ikanasa, umekwisha.

Nimebakiza jambo ambalo pengine lilistahili kuja mwanzo. Picha uliyoweka inaonyesha baa, lile bapa refu linalozungukwa na cheni, ya sentimita 75. Kwa cc 72, katika kimo hiki, kwenye mninga au mgunga mkavu, hiyo baa ni mzigo. Weka ya sentimita 50 na utadhani umebadilishiwa injini. Unapopasua mbao kwa kufuata urefu wa gogo, tumia cheni iliyonolewa pembe ya nyuzi 10, na ile ya nyuzi 30 iache kwa kukata vipande. Kwa cheni ya inchi 3/8 tupa ya duara ni ya milimita 5.2, na vile vidole vya kupimia kina, ambavyo wakataji wengi hawavigusi hadi cheni inaisha, viwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Nilipolinganisha kwenye gogo lile lile la mwarobaini, cheni iliyonolewa hivyo iliokoa muda mwingi kuliko eksozi iliyotobolewa.

Oili iwe ya injini za viharusi viwili (two-stroke). Kwa uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 100 kwa lita 5 za petroli, na kwa oili ya kawaida ambayo haikuruhusiwa kwa uwiano huo ni 25 kwa 1, yaani mililita 200. Usibadili aina ya oili katikati ya kuseti, kwa sababu na mafuta yanayopita yanabadilika.

Anza na baa, cheni, chujio na kabureta, ukate siku mbili, kisha uitoe plagi mara tu baada ya kuzima katikati ya kazi na uiweke picha yake hapa. Nikiiona ni ya kahawia, yaani mafuta na hewa vimelingana, nitakuambia utoboe mlango wa milimita ngapi, ila unitumie na vipimo vya tundu la silinda.